Nyumba za Mazishi: Jinsi Kazi ya Kuzika Ilivyohama Mikononi mwa Jamaa



Somo letu la leo ni juu ya kuzika wafu. Tokea utoto wetu tumefundishwa kwamba kuzika wafu ni moja ya matendo ya huruma, pamoja na kulisha wenye njaa na kuwatazama wagonjwa. Lakini katika miji yetu, Kinshasa na Lubumbashi, Goma na Bukavu, tendo hilo limekuwa pia biashara. Mtu akiisha kukata roho, jamaa zake hukutana na wauzaji wengi kwa siku moja: mwenye masanduku, mwenye gari, mwenye kukodisha viti na hema, mwenye mashada ya maua. Na chumba cha maiti, ambacho watu wa mjini hukiita morgi, kinahesabu siku, na kila siku ina malipo yake. Huko Ulaya na Marekani kazi hizo zote zimekusanywa mahali pamoja, napo panaitwa nyumba ya mazishi.

Je, desturi hiyo imetoka wapi? Ni nani aliyeondoa kazi hiyo mikononi mwa jamaa? Tumepata nini, tumepoteza nini? Kununua msaada wakati wa msiba si dhambi. Lakini mwenye msiba ni mnunuzi aliye dhaifu kuliko wote: hana muda wa kuzunguka sokoni, hajui bei, na anaona haya kuuliza, watu wasije wakasema hakumpenda marehemu. Mtaona kwamba kila zama watu wenye busara walitafuta njia ya kumlinda.

1. Abrahamu auliza bei

Tuanze na kitabu cha Mwanzo. Sara alipokufa, Abrahamu alikuwa mgeni katika nchi ya Kanaani, hakuwa hata na shamba la kumzikia mkewe. Akaenda kwa wenyeji, akawaomba pango la Makpela. Efroni, mwenye pango, alijibu kwa maneno matamu kwamba anampa bure. Abrahamu hakukubali kuchukua bure, akataka kulipa bei kamili. Ndipo Efroni akataja shekeli mia nne za fedha, huku akisema kwamba kiasi hicho si kitu kati ya marafiki. Abrahamu akaipima fedha mbele ya mashahidi, na baada ya hayo akamzika Sara.

Angalieni jambo hili. Baba wa waamini, machozi yakiwa bado machoni pake, aliuliza bei, akaipima mbele ya watu, akajua shamba ni lake. Wala hakuna aliyesema kwamba hakumpenda Sara. Mwenye kuuza anayesema bei si kitu, huyo ndiye wa kuulizwa bei mara mbili.

Katika nyakati hizo za kale kazi yenyewe ilibaki kwa jamaa na rafiki. Tobiti aliwazika ndugu zake waliouawa katika mji wa Ninawi, ingawa mfalme alimtafuta amwue kwa sababu hiyo. Bwana wetu Yezu Kristu alizikwa na rafiki wawili: Yozefu wa Arimatea alitoa sanda na kaburi, Nikodemo alileta manemane na udi kadiri ya ratli mia. Wanawake walitazama mahali alipolazwa. Hapakuwa na mtu wa mshahara kati yao.

2. Chama cha Lanuvio na wachimbaji wa Roma

Lakini katika mji mkubwa wa Roma walikuwako tayari watu waliozika kwa malipo. Ofisi yao ilikuwa karibu na hekalu la Libitina, mungu wa kike wa mazishi. Matajiri waliwaita kwa fahari. Maskini waliogopa kutupwa katika shimo la watu wote. Basi maskini wakaunda vyama.

Kanuni za chama kimoja, cha mji wa Lanuvio karibu na Roma, zilichongwa katika jiwe mwaka 136, na jiwe hilo limesomwa hata leo. Mwenye kuingia alitoa sestersi 100 na mtungi wa divai nzuri, kisha kila mwezi alitoa sarafu ndogo 5. Akifa, chama kilitoa sestersi 300 kwa mazishi yake, na katika hizo 50 waligawiwa waliomsindikiza kwa miguu. Asiyelipa kwa miezi sita mfululizo alipoteza haki yake. Mwenzao akifa mbali, kupita maili 20 toka mjini, watu watatu walichaguliwa kwenda kumzika, nao walipaswa kurudisha hesabu kwa uaminifu. Wakionekana wamedanganya, walilipishwa mara nne. Hata watumwa walikuwa wanachama. Bwana wa mtumwa akikataa kutoa mwili, chama kilifanya mazishi mbele ya sanamu ya marehemu.

Ninyi mnaoshiriki likelemba na vyama vya kusaidiana, mnaitambua akili hiyo. Maskini wa Lanuvio walifahamu kwamba siku ya kifo si siku ya kutafuta fedha wala ya kubishana juu ya kanuni. Walipatana mapema, wakiwa wazima, na hesabu ikawa wazi kwa wote.

Wakristu wa kwanza waliongeza jambo moja kubwa. Tertuliano wa Kartago, aliyeandika karibu na mwaka 197, anaeleza kwamba waamini walitoa mchango kila mwezi, kila mtu kadiri awezavyo, na kwamba mchango huo uliwalisha na kuwazika maskini. Mwenye kuzikwa hakuulizwa alilipa miezi mingapi. Huko Roma Papa Zefirino alimkabidhi Kalisto ulinzi wa makaburi ya Wakristu, naye Kalisto akawa Papa baadaye, tangu mwaka 217 hata 222. Wachimbaji wa mashimo yale marefu chini ya ardhi walihesabiwa kati ya watumishi wa Eklezya. Hata kaisari Yuliano, aliyetawala mwaka 361 hata 363 na aliyeiacha imani, aliandika kwamba ukarimu wa Wakristu kwa wageni na uangalifu wao kwa makaburi ya wafu ndivyo vilivyoikuza dini yao. Adui alishuhudia kwamba kaburi la maskini lilihubiri kuliko maneno.

3. Tauni ya Firenze na madaraja ya Paris

Katika mji wa Firenze, nchi ya Italia, kiliundwa chama cha Huruma. Mapokeo yao yanataja mwaka 1244. Ndugu wa chama walibeba wagonjwa na maiti bila malipo, nao walivaa kofia ndefu za kufunika uso, ili mwenye kusaidiwa asijue amshukuru nani. Chama hicho kipo hata leo, na magari yake ya wagonjwa hupita katika mitaa ya mji.

Mwaka 1348 tauni kubwa iliingia Firenze. Mwandishi Boccaccio anasimulia kwamba jamaa walikimbiana kwa hofu, hata wazazi wakawaacha watoto wao. Ndipo wakatokea wachukuzi wa maiti waliodai malipo makubwa, wakabeba mwili haraka mpaka kanisa la karibu. Hapo tunajifunza sababu moja ya kazi kuhama: hofu ikiwafukuza jamaa, mtu wa mshahara anaingia mlangoni.

Sababu nyingine ni fahari. Tarehe 12 Juni 1804 serikali ya Napoleon katika Ufaransa ilitoa amri juu ya makaburi: yawe nje ya miji, na kila maiti iwe na shimo lake. Huo ulikuwa wema mkubwa, maana mjini Paris maskini walikuwa wamerundikwa katika mashimo makubwa mpaka hewa ikaoza. Lakini amri hiyohiyo iliwapa makanisa haki ya pekee ya kutoa magari ya maiti, vitambaa na mapambo ya mazishi, na faida iwe yao. Mazishi yakapangwa kwa madaraja. Aliyelipa daraja la juu alipata farasi wengi, vitambaa vyeusi mlangoni pa kanisa na mishumaa mingi; wa daraja la chini alipata kidogo, na maskini alipita haraka. Sheria ya mwaka 1904 ilihamisha haki hiyo kwa serikali za miji, na sheria ya mwaka 1993 iliondoa haki ya pekee, hata kila kampuni yenye ruhusa ikaweza kufanya kazi hiyo.

Wakristu wapenzi, tusifiche neno hili: Eklezya nayo ilikuwa na mazishi ya madaraja. Wazee wetu waliyaona. Ndiyo maana Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliamuru kwamba katika ibada watu au vyeo vyao visipewe heshima ya pekee, wala katika sherehe wala katika mapambo ya nje, isipokuwa heshima iliyo ya kazi ya liturjia, ya daraja takatifu, au ile inayostahili kwa wenye serikali kadiri ya sheria za Liturjia. Mbele ya altare sanduku la mbao laini na sanduku la mbao ngumu ni sawa.

4. Fundi seremala wa Marekani

Sasa twende Marekani, maana huko nyumba ya mazishi ilipata sura yake ya leo. Miaka 200 iliyopita jamaa waliosha maiti nyumbani. Fundi seremala aliyetengeneza viti na meza alitengeneza na sanduku. Mwenye farasi alikodisha gari lake. Polepole fundi alianza kuweka masanduku tayari, kisha akanunua gari, kisha akachukua kazi yote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu mwaka 1861 hata 1865, viliharakisha mambo. Askari zaidi ya 600,000 walikufa, wengi mbali sana na kwao, na jamaa walitaka kuwaona mara ya mwisho. Daktari mmoja, Thomas Holmes, alijulikana kwa kutia dawa katika mishipa ya maiti isioze upesi. Wengi wakamwiga, wengine walikuwa wajuzi, wengine waongo waliowanyang'anya wazazi wenye huzuni. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Machi 1865, ofisi ya vita ya Marekani ilitoa amri juu ya watu hao, kwamba asifanye kazi hiyo ila mwenye ruhusa. Mwezi uliofuata Rais Abraham Lincoln aliuawa. Mwili wake uliotiwa dawa ulichukuliwa kwa treni toka Washington tarehe 21 Aprili, ukasimama katika miji mingi watu wauone, ukafika Springfield tarehe 3 Mei na kuzikwa kesho yake. Umati mkubwa ulitazama uso wake, na kazi ile iliyokuwa ngeni ikaanza kuonekana kuwa ni heshima.

Mwaka 1882 wenye kazi hiyo waliunda chama cha nchi nzima. Baadaye watu walizidi kufia hospitalini, na nyumba za mjini zikawa ndogo. Maiti haikupata tena nafasi sebuleni. Basi mwenye masanduku akafungua nyumba yenye sebule kubwa, akawakaribisha jamaa walie humo. Ndiyo maana ikaitwa nyumba: iliazima jina la mahali ilipopokonya kazi yake.

Hata hivyo tusiwahukumu wote kwa mfano wa wabaya. Kwa Wamarekani weusi, waliobaguliwa katika maisha na katika kifo, nyumba ya mazishi ya mtu mweusi mwenzao ilikuwa mahali pa heshima. Mwaka 1955 kijana Emmett Till wa Chicago, mwenye miaka 14, aliuawa kikatili na wazungu katika jimbo la Mississippi tarehe 28 Agosti. Wakubwa wa huko walitaka azikwe upesi huko huko. Mama yake, Mamie Till, alikataa. Sanduku lilipofika Chicago limefungwa, pamoja na agizo kwamba lisifunguliwe, mama alisema litafunguliwa. Mwenye nyumba ya mazishi, A. A. Rayner, alikubali. Akajitolea pia kuutengeneza uso ulioharibiwa. Mama akakataa, akataka watu wote waone waliyomtendea mwanawe. Maelfu kwa maelfu walipita mbele ya sanduku lile wazi, na picha yake ikaamsha dhamiri ya nchi nzima.

Hapo mnaona mpaka ulio wa haki. Mwenye kazi alitoa gari, chumba na ujuzi wake. Uamuzi ulikuwa wa mama.

Lakini si kila nyumba iliyoheshimu mpaka huo. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu kilichoitwa The American Way of Death. Alionyesha jinsi wauzaji walivyowaongoza wafiwa mpaka kwenye masanduku ya bei kubwa, na jinsi walivyowaambia kwamba sheria inadai mambo ambayo sheria haikuyadai. Watu walikasirika, wakadai ulinzi. Tangu mwaka 1984 kanuni ya serikali ya Marekani inailazimisha kila nyumba ya mazishi kumpa mwulizaji orodha ya bei za kila kitu kimoja kimoja, kumtajia bei hata kwa simu, kumwacha achague anachotaka tu, na kukubali sanduku lililonunuliwa mahali pengine. Ilikuwa lazima kuandika sheria ili mfiwa apate ile haki aliyojitwalia Abrahamu penye pango la Makpela.

5. Kwetu Kongo

Nasi tuna historia yetu. Katika mwezi wa Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ukafika na Ituri. Haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Maiti ya mtu wa Ebola ina hatari kubwa, maana aiguswaye na kuoshwa humwambukiza mwoshaji. Kwa hiyo vikosi vya Msalaba Mwekundu na vya serikali vilikuja na mavazi yao na mifuko yao, vikazika wao. Huko Beni na Butembo watu wengi walihamaki, na vikosi vingine vilishambuliwa. Jamaa walisema: mmetunyang'anya mtu wetu, hatujui mmezika nini.

Ndipo ilipofahamika kwamba dawa ya kuua wadudu haitoshi. Mazishi yaliitwa salama na yenye heshima: kikosi kilipaswa kuzungumza kwanza na jamaa, kuwaruhusu waone toka mbali, wasali, wachague sanduku, wachimbe kaburi. Mikono ya kugusa ilikuwa ya kikosi, bali neno lilikuwa la jamaa. Mahali neno hilo lilipoheshimiwa, mioyo ilitulia. Lilipodharauliwa, watu waliwaficha wafu wao na ugonjwa ukaenea.

6. Tufanye nini?

Kutokana na historia hii tuchukue mashauri manne.

Kwanza, tupatane tungali wazima. Baba na mama waseme bila woga wanataka kuzikwa wapi na namna gani. Chama au jumuiya iandike kanuni zake na hesabu zake, kama wale wa Lanuvio.

Pili, siku ya kifo achaguliwe mmoja wa jamaa, aliye mtulivu, aende na shahidi kuuliza bei. Asimpeleke mjane wala mama wa marehemu sokoni. Aulize bei ya kila kitu peke yake, iandikwe, kisha ndipo akubali.

Tatu, atenge lililo lazima na lisilo lazima. Lazima ni hati ya kifo, kaburi, sanduku au sanda safi, gari kama mahali ni mbali, na sala za Eklezya. Sare za kitambaa, muziki wa kukodi na vinywaji vya siku nyingi si lazima. Kumwacha marehemu katika morgi wiki mbili ili zipatikane fedha za karamu ni kulipa kila siku kwa ajili ya kuchelewesha pumziko lake. Na mwisho wake deni linakula ada za shule za watoto aliowaacha.

Nne, tusiuze yote. Hata tukikodi gari na kununua sanduku, tubaki na kazi ambayo mikono yetu yaweza kuitenda: kukesha, kuimba, kuchukua sanduku begani, kutupa udongo, kupeleka chakula kwa wafiwa wiki ya pili, wageni wakiisha kwenda zao. Utaratibu wa mazishi uliotolewa Roma mwaka 1969 unataja vituo vitatu: nyumbani, kanisani, kaburini. Nyumbani ndicho cha kwanza.

Maswali ya somo

Je, ni dhambi kumlipa mtu atusaidie kuzika?
Hapana. Mfanyakazi astahili ujira wake. Kosa ni la muuzaji anayemdanganya mfiwa, na la jamaa wanaomlazimisha mfiwa kutumia asichokuwa nacho.

Kwa nini Abrahamu hakuona haya kuuliza bei?
Kwa sababu kumpenda Sara na kulipa kwa haki havikupingana.

Mamie Till alitufundisha nini?
Kwamba mwenye ujuzi atumike, lakini uamuzi ni wa wale waliompenda marehemu.

Ni nani azikaye maskini asiye na jamaa?
Sisi. Jumuiya iliyo karibu naye ni jamaa yake. Kabla hamjalala leo, ulizeni kama katika mtaa wenu yuko mzee anayekaa peke yake, na ni nani atakayembeba.